Ngazi ya Mikaratusi

Nyakabanda, Kigali
Jumapili, 11 Desemba 1994

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao Lillian ni mzima wa mwili, na naomba Mungu barua hii ikukute nawe u mzima, pamoja na Mama na wote wa hapo nyumbani Karagwe. Kifua chako kinaendeleaje? Najua mvua hizi za mwisho wa mwaka hukusumbua, na najua pia kwamba huvai lile koti zito mpaka Mama agombe. Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Kahawa ya upande wa bondeni mmeianika, au jua bado linawanyima? Nauliza kwa sababu nataka kujua kweli, si kwa kujaza karatasi. Kuna siku hapa natamani mtu anisimulie habari za ng'ombe tu, tangu asubuhi mpaka jioni.

Barua yako ya mwisho wa Novemba nimeipokea mkononi mwa Viateur, yule dereva wa lori aliyekuwa akisafiri pamoja na marehemu kaka Mutsinzi. Alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni kama ulivyomwagiza, haikuingia hata tone la maji. Rambirambi zako kwa kifo cha wifi yangu Illuminée nimezifikisha kwa watoto wake. Umeandika kwamba mwiko ni mwiko, na wazee hawakuwa wajinga walipomkataza mwanamke kupanda juu ya nyumba. Kwamba alionywa akakaidi, na paa limemtupa. Umeagiza nyumba hii ya Mutsinzi sasa ishikwe na mdogo wetu Cyusa, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Mimi umeniambia nifunge mizigo, nirudi Karagwe na watoto, Akimana na Kaliza, Viateur atakapopita tena kabla ya Krismasi.

Viateur anapita Alhamisi. Baba, katika lori lake hamtakuwa na mimi wala watoto. Kitakachopanda ni barua hii.

Sijawahi kukukatalia neno. Hata karatasi hii nimeianza mara mbili nikaichana. Kwa hiyo nakuomba jambo dogo kabla ya lile kubwa: usimpe mtu akusomee, hata kama macho yanauma. Isome mwenyewe polepole mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila siku katika daftari, ile uliyoicheka ukasema nitakuja kuwa karani wa Mungu. Kwa hiyo nayakumbuka mambo kwa mpangilio wake, na nitakueleza kwa mpangilio huo.

Tulifika hapa mimi na Cyusa tarehe 21 Agosti. Nyumba tuliikuta na kuta zake, lakini mabati yalikuwa yameng'olewa yote, pamoja na milango na fremu za madirisha. Illuminée alikuwa amefunga turubai la buluu juu ya chumba kimoja, ndimo alimokuwa akilala na watoto wake. Alitupokea vizuri. Hakuwa na kiti hata kimoja, akatukalisha juu ya tofali, akasema tusamehe, viti vimekwenda safari havijaaga. Alikuwa mtu wa kucheka, Baba. Wewe hukumjua. Ulimwona mara moja tu, Mutsinzi alipomleta kwako kwa harusi, na siku hiyo alikuwa ameinamisha uso kama desturi inavyotaka bibi harusi. Nasikitika kwamba ulichokiona wewe ni utosi wake tu.

Alijua tulichokuja kufanya kabla hatujafungua mdomo. Nikamsomea ile barua yako ya kwanza, kwamba Cyusa akipenda amrithi mke wa kaka yake, na asipopenda, mjane arudi kwao. Kwa lile la kurithiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema anao mabinti wawili wa kulea, wa tatu mwenye ndevu hana pa kumweka. Cyusa ana miaka ishirini na miwili, yeye alikuwa na thelathini na nne. Cyusa naye alicheka siku ile. Lakini maneno yalivuka ua, wanaume wa kilabu cha pombe ya ndizi pale chini barabarani wakayadaka, na tangu hapo kila akipita wakawa wanamuuliza kama ameshaacha kunyonya. Nakutajia hilo kwa sababu lina nafasi yake mbele.

Kwa lile la kurudi kwao hakucheka. Kwao ni Bugesera. Alisema nimsindikize nikaone mwenyewe, tukaenda mwezi wa Septemba. Alisimama mahali ulipokuwa mlango wa baba yake akaita hodi. Akawaita mmoja mmoja kwa majina, wazazi kwanza, kisha kaka zake kwa kufuatana kwao kuzaliwa, kisha wake zao, kisha watoto. Alipomaliza akaniambia, haya wifi, nimesharudi kwetu. Tukageuka tukaja zetu.

Sasa nikueleze habari ya mapaa, maana nadhani huko imefika ikiwa imepinda.

Hapa Nyakabanda wajane ni wengi kuliko ninavyoweza kukuandikia. Walikuwa wamejikusanya kumzunguka mama mmoja, Mukabalisa, aliyekuwa akiuza mboga zamani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Shirika moja liliwapa mabati na misumari. Mafundi hawakupatikana; wachache waliobaki walikuwa wameshachukuliwa na wenye nyumba kubwa. Mabati yakakaa kwenye ua wa Mukabalisa huku watoto wakilowa. Siku moja ya Jumamosi wakakata mikaratusi mlimani, wakatengeneza ngazi ndefu, wakaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza. Kisha wakasimama kuitazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kila mmoja alikuwa amefundishwa na mama yake, kama Mama alivyonifundisha mimi, kwamba mwanamke akipanda juu ya nyumba anamuua mumewe.

Illuminée alikuwa amevaa suruali ya Mutsinzi, ameikunja miguuni na kuifunga kiunoni kwa kamba. Akasema ambaye mumewe yu hai abaki chini.

Baba, hakubaki mtu. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Walitazamana, kisha mmoja akaanza kulia, mwingine akaanza kucheka, na Illuminée akiwa ameshafika juu anauliza nyundo iko wapi. Mukabalisa peke yake ndiye aliyezuiwa, kwa ajili ya uzito wake. Alisema mwenyewe ngazi ikivunjika watamzika pamoja na ua mzima wa jirani.

Illuminée alikuwa fundi cherehani, na mabati aliyashona kama nguo. Alikuwa akisema bati nalo lina pindo, bati la juu lazima lilalie la chini, na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye mfereji, la sivyo maji yanaingia kwa tundu lake. Nyumba ya kwanza ilivuja, wakaifumua wakaanza upya. Ya pili haikuvuja. Kila Jumamosi nyumba moja, wakianza na zenye watoto wachanga. Wanaume waliopita walitupa maneno, wengine wakiuliza kama tunajenga au tunatega ndege. Mukabalisa aliwajibu kwamba tunatega wanaume, ila waliopita leo ni wadogo mno, tutawaachia wakue. Na wapo waliopita wakasimama, wakavua kofia, wakashika upande wa kenchi.

Mimi sikupanda. Niligawa misumari na kupokeza mabati kutoka chini. Waliponiuliza mbona sipandi na mume sina, niliwaambia mume kweli sina, lakini baba yangu yu hai, na sijui mwiko huu unaishia kwa nani. Hawakunilazimisha. Illuminée alisema angalau kuna mmoja mwenye mtu wa kumwogopea.

Nyumba yake mwenyewe aliiweka ya mwisho. Cyusa alikuwa amemwambia tangu Agosti kwamba mrithi ndiye anayeezeka, yeye atatafuta mabati, mwanamke asijisumbue. Kwa hiyo alisubiri, kwa heshima ya Cyusa na yako. Septemba ikaisha, Oktoba ikaisha, turubai likachanika, Kaliza akashikwa na kikohozi kibaya. Cyusa hakuwa mvivu, nakuomba unielewe. Alikuwa kijana aliyefika katika mji asioujua, amepewa jukumu la mtu mzima na hana kazi, na kadiri siku zilivyopita bila mabati ndivyo alivyozidi kukaa kilabuni. Mwanzoni mwa Novemba Illuminée akasema zamu yake imefika. Hapo ndipo walevi walipompata Cyusa. Mrithi gani huyu, walimuuliza, anayeezekewa na mke wa kaka yake? Akishamaliza paa, si atakuvalisha na sketi?

Wakati huo ndipo ilipofika ile barua yako ya katikati, jibu la barua yangu ya kukusimulia kazi ya wanawake hawa. Niliandika kwa fahari, nilidhani utafurahi. Wewe ukajibu kwa mstari mmoja, kwamba mke wa Mutsinzi hapandi juu ya nyumba ya Mutsinzi, Cyusa amshushe. Ulimwandikia Cyusa, si mimi, na Cyusa aliisoma kilabuni mbele ya watu kwa sauti.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi ya tarehe 19 Novemba. Katika daftari langu siku hiyo ina neno moja tu: Mvua. Yaliyobaki sikuweza kuyaandika, naandika leo kwa mara ya kwanza.

Walianza asubuhi na mapema. Kufikia mchana upande wa juu ulikuwa umeezekwa wote, na wa chini ulibaki mabati machache. Nyumba hii, kama ujuavyo, imekaa mtelemkoni. Upande wa mlangoni paa liko juu kuliko mtu awezavyo kuruka, na hakuna pa kukanyaga; upande wa nyuma ni mrefu zaidi, lakini chini yake kuna ukuta wa mawe wa jirani ambao mguu huenda ukaufikia. Misumari ikatuishia. Mimi nikatumwa dukani, Mukabalisa na wenzake wakaenda kwake kuchukua kofia za kufunika mgongo wa paa na kula kidogo. Illuminée alisema haoni sababu ya kushuka, atabaki juu apange yaliyobaki kabla mawingu hayajafika. Akimana alikuwa uani anamwangalia mdogo wake.

Duka la kwanza halikuwa na misumari, nikaenda la mbali. Wakati wa kurudi nikapita mbele ya kilabu. Cyusa alikuwa amekaa na wenzake kwenye benchi, na mbele yao, imelazwa chini, wameiwekea miguu na vibuyu vyao vya pombe, ilikuwa ngazi yetu.

Baba, paa halikumtupa. Ngazi iliondolewa. Cyusa na mwenzake mmoja waliibeba kutoka ukutani Illuminée akiwa juu, wakaenda nayo.

Niliuliza ni mchezo gani huu. Cyusa alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alisema wewe umemwagiza amshushe, naye leo anamshusha. Hataki ubaya, anataka kitu kimoja tu: Illuminée amwite shemeji yake kwa sauti, muramu wangu niletee ngazi, mara tatu, mtaa mzima usikie; akishaita ataipeleka mwenyewe mbio. Mmoja wa wale wanaume akasema mjane huyu sasa ana paa tele, kilichompungukia ni ardhi. Wakacheka wote.

Nikamwambia Cyusa mvua inakuja, ashike upande mmoja nami nishike mwingine. Akasema bado hajaitwa. Nikamsihi kwa jina la Mama. Akatazama chini. Nadhani kama wale wengine wasingekuwepo angesimama. Walikuwepo.

Ngazi ile ni ya mikaratusi mibichi, hubebwa na watu wawili wenye nguvu. Nikashika ncha moja nikaanza kuiburuta kupanda mlima. Nyuma yangu walikuwa wakiimba wimbo wa kusindikiza harusi. Mvua ilinikuta nusu ya njia. Udongo wa hapa ukilowa ni kama sabuni; nilianguka, nikaamka, nikavuta. Nilipofika kwenye kona ambapo nyumba inaonekana, nilimwona. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa upande wa nyuma, mabati mapya yanang'aa kwa maji, ameteremsha mguu mmoja anapapasa ukuta wa jirani. Nilipiga kelele kwamba ngazi inakuja. Sijui kama alisikia. Mvua juu ya mabati mapya haimwachii mtu nafasi ya kusikia.

Sikuona alivyoanguka. Niliinama kuishika ngazi vizuri, nilipoinua uso niliona paa peke yake.

Akimana amenieleza baadaye kwamba aliomba ruhusa kwenda kumwita baba mdogo, mama yake akamkataza. Alimwambia aliyeiondoa ngazi anajua ilipokuwa, atairudisha. Yeye hamwiti mtu. Kisha akamwamuru aingie ndani na mdogo wake wasilowe. Umesema katika barua yako kwamba alikuwa mkaidi. Labda. Alikuwa ameomba kwa watu wengi mwaka huu, Baba, katika ile miezi ya Aprili na Mei. Aliomba kwenye kila mlango, kwa magoti. Aliniambia zamani kidogo kwamba akiba yake ya kuomba imekwisha. Mimi sikumwelewa mpaka siku ile.

Alikuwa bado hai tulipomfikia. Tukamlaza kwenye ngazi ileile juu ya vitenge, kwa kuwa machela hatukuwa nayo. Cyusa alikuwa amefika anakimbia, hana viatu. Kwa desturi mgonjwa hubebwa na wanaume wa mtaa. Siku ile mbele alishika Cyusa peke yake, nyuma tukashika wanawake watatu, na Mukabalisa akitangulia kufungua njia kwa sauti yake. Illuminée alizungumza mara moja tu. Aliniuliza kama misumari nimepata. Nikamwambia nimepata, ninayo mfukoni. Akafumba macho. Tulipofika hospitali daktari alitutazama sisi, hakumtazama yeye, tukajua.

Tulimzika Jumatatu. Jioni ile Cyusa alinishika miguu akanisihi nisikuambie. Nilimwambia sitasema, atasema yeye mwenyewe, kwa kuwa jambo hili ni la mdomo wake. Nikasubiri. Alipokuletea habari kwa Viateur alisema paa limemtupa. Nikasubiri tena, nikidhani ataona aibu aandike ya pili. Barua yako ilipofika ikisema mwiko umefanya kazi yake, nikaelewa kwamba nikiendelea kunyamaza, Akimana atakua akiamini mama yake aliuawa na ujasiri wake. Naye tayari ameanza kuuliza. Juzi aliniuliza kama ni kweli mama alikufa kwa sababu alivaa suruali.

Sikuandikii haya ili nikuhukumu. Najua neno lako liliondoka Karagwe likiwa neno la mzee anayelinda heshima ya mwanawe aliyekufa. Lilipofika hapa likamkuta kijana aliyechekwa, nalo likawa ruhusa. Wala sitaki umlaani Cyusa. Nyumba unayompa hajalala ndani yake hata siku moja tangu tuzike. Jioni huja na kopo la maziwa, sijui anayapata wapi, analiweka nje ya ua na kuondoka. Kaliza hunywa. Akimana hanywi.

Jumamosi iliyofuata wanawake walirudi kumalizia. Mabati yalikuwa palepale alipoyapanga. Nilivaa ile suruali, Baba, nikapanda. Nakuambia baada ya kupanda, kwa sababu ungenikataza, na sijui kama ningeweza kukutii. Kila kipago cha ngazi nilitaja jina lako nikimwomba Mungu akulinde, na kule juu niliendelea kukutaja mpaka msumari wa mwisho. Ile ndiyo misumari niliyokuwa nayo mfukoni siku ile. Nilipiga kwenye mgongo wa bati, kama alivyotufundisha. Imenyesha mara nyingi tangu hapo na haijavuja. Viateur alipokuja alisema u mzima, unagombana na Mama juu ya koti. Nililia mbele yake, akadhani nalilia wafu.

Sasa ombi langu. Konseye, yule kiongozi wa mtaa, amesema wazi: kwa sheria na kwa desturi, mabinti hawamrithi baba yao maadamu kuna ndugu wa kiume. Lakini amesema pia kwamba mzee wa ukoo akiandika kwa mkono wake kuwa nyumba hii ni ya watoto wa Mutsinzi, hakuna atakayewagusa. Nakuomba uandike mistari hiyo michache. Wewe ndiye uliyeuza ndama ili mimi nisome Bukoba, majirani wakikuuliza msichana atasomea nini, kuhesabu vyungu? Na niliporudishwa na mume kwa kukosa mtoto, hukuniuliza kwetu ni wapi. Ulichukua kamba ukanipimia kipande cha shamba nyuma ya migomba, ukasema mtoto wa mtu halali njiani. Sijasahau hata siku moja. Wapimie na hawa. Hawana mwingine wa kushika kamba.

Usipoandika, nitabaki nao hata hivyo, mpaka atakapokuja mtu kututoa. Lakini natamani nimwambie Akimana kwamba babu yake amejua ukweli wote, na ndipo akaandika.

Mwambie Mama asilie sana, na akilia usimkataze. Msalimie shangazi na wote wa kanisani wanaoniulizia. Watoto wanakuamkia. Kaliza anacheka Kinyarwanda changu, anasema kina matope ya Karagwe, ananifundisha kila siku. Kikohozi chake kimepona tangu paa likamilike. Akimana anauliza kama kwako kuna ngazi, na kama ipo, inalala wapi. Hii ya kwetu hakubali ilale nje. Kila jioni lazima tuishike yeye upande mmoja na mimi mwingine, tuiingize ndani, ndipo apate usingizi. Ni ndefu kuliko nyumba, ncha yake inabaki nje, kwa hiyo mlango wetu haufungiki. Tunalala hivyo hivyo, na upepo unaingia.

Nakubusu mikono yote miwili, Baba.

Ni mimi binti yako,
Lillian